Pink Floyd kutoka 1965 hadi 2022: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mabadiliko ya muziki wao

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo huulizwa tena na tena na watu wanaojiunga na kikao chetu cha kusikiliza muziki, ambacho hukutana jioni za Jumamosi sebuleni kwa mmoja wetu, Area C, Dodoma. Tumeisikiliza Pink Floyd albamu moja baada ya nyingine kwa kufuata miaka, bila kuruka hata zile ambazo wengi huziona ngumu, na majibu yaliyopo hapa yametokana na usikilizaji huo pamoja na yale yanayofahamika kuhusu historia ya bendi. Mahali tunapotoa maoni yetu tumesema wazi kuwa ni maoni. La kwanza kati ya maoni hayo ni hili: watu wengi huieleza bendi hii kwa kutaja Syd Barrett, Roger Waters na David Gilmour, lakini sisi tunaamini kwamba mtu anayetaka kuelewa jinsi muziki wao ulivyobadilika amfuatilie Richard Wright, mpiga kinanda, aone ni wapi yupo na ni wapi hayupo.

Pink Floyd ni akina nani, na roki ya saikedeliki ni muziki wa namna gani?

Ni bendi ya Kiingereza iliyoundwa London mwaka 1965. Waters, Wright na mpiga dramu Nick Mason walikutana wakisomea usanifu wa majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic, na Barrett, aliyekuwa akifahamiana na Waters tangu utotoni Cambridge, akajiunga nao kama mpiga gitaa na mwimbaji. Jina walilipata kwa Barrett, ambaye aliunganisha majina ya wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council.

Roki ya saikedeliki ilizaliwa katikati ya miaka ya 1960 kwa vijana waliotaka muziki uige hali ya akili inayotangatanga, ikiwemo hali iliyoletwa na dawa ya kulevya ya LSD. Kwenye chombo hilo lilimaanisha mwangwi mwingi, nyimbo zinazorefuka bila kujulikana zitaishia wapi, sauti za ajabu zilizochezewa kwenye kanda, na mashairi yanayokwenda kama ndoto. Hakuna ulazima wa kutumia dawa yoyote ili kuusikiliza muziki huo. Tunalijibu hili kwa sababu huulizwa na wazazi, na wana haki ya kuuliza.

Kwa nini albamu yao ya kwanza haifanani na zile zinazojulikana zaidi?

Kwa sababu kiongozi alikuwa mwingine. *The Piper at the Gates of Dawn* ilitoka Agosti 1967, na karibu nyimbo zake zote zilitungwa na Barrett. Ukiisikiliza utakutana na mambo mawili yanayoishi pamoja kwa shida: nyimbo fupi zenye ladha ya hadithi za watoto, na kipande kama «Interstellar Overdrive», ambacho kwa zaidi ya dakika tisa bendi inaanza na mstari mmoja wa gitaa, inaupoteza kwa makusudi, kisha inaurudia mwishoni kana kwamba imeuokota njiani.

Barrett hakuwa mpiga gitaa wa kukimbiza vidole. Aliteleza kwenye nyuzi kwa kiberiti cha chuma na kuipitisha sauti kwenye mashine ya mwangwi ya Kiitaliano, Binson Echorec, ambayo badala ya utepe ilitumia sahani ya sumaku inayozunguka. Mashine hiyo ndiyo urithi ambao bendi iliendelea kuutumia hata baada ya yeye kuondoka. Pia msisahau taa. Katika klabu ya UFO, London, kuanzia mwishoni mwa 1966, walipiga wakiwa wamemwagiwa rangi zinazotembea, kiasi kwamba sura zao zilionekana kwa shida, na bendi iliyozoea kutoonekana sura ina uhuru wa kupiga kitu kimoja kwa muda mrefu sana.

Barrett alipatwa na nini, na kuondoka kwake kulibadilisha nini?

Afya ya akili yake iliharibika haraka katika mwaka 1967, huku akitumia LSD kwa wingi, na ikafika mahali akawa anasimama jukwaani bila kupiga chochote au akipiga noti moja usiku mzima. Gilmour, mpiga gitaa na rafiki yake wa Cambridge, aliingizwa ili kumsaidia, kwa muda mfupi mwanzoni mwa 1968 wakawa watano, na kufikia Aprili 1968 ilitangazwa rasmi kwamba Barrett hayumo tena.

Wenzake walibaki na jina, vyombo na maonyesho ya kulipia madeni, lakini bila mtunzi. Tunaomba msomaji atulie hapa, kwa sababu karibu kila kilichofuata kinaanzia kwenye pengo hilo. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuandika nyimbo fupi kama zake, waliamua kujenga badala ya kuimba. Wimbo uliobeba jina la albamu ya pili, *A Saucerful of Secrets* ya 1968, una takribani dakika kumi na mbili, na Waters na Mason waliuchora kwanza kwenye karatasi kama mchoro wa jengo, wenye vilele na miteremko. Elimu ya usanifu waliyoiacha chuoni ikawarudia kwa mlango wa nyuma. Sehemu ya mwisho ya wimbo huo, pale kinanda cha Wright kinapoingia taratibu baada ya fujo ndefu na sauti za kuimba bila maneno zikapanda juu yake, ndiyo mahali pa kwanza tunapoisikia Pink Floyd itakayojulikana na dunia.

Je, albamu za 1969 hadi 1972 zinafaa kusikilizwa, au ni za kuruka?

Si zote zina uzito sawa. *Ummagumma* ya 1969 ina nusu moja iliyorekodiwa jukwaani ambayo ni nzuri sana, na nusu nyingine ambayo kila mwanachama alipewa nafasi yake peke yake, nayo haijawahi kutushawishi. *Atom Heart Mother* ya 1970, yenye ng'ombe kwenye jalada, iliwaweka nafasi ya kwanza Uingereza kwa mara ya kwanza. Upande wake mzima wa kwanza ni kipande kimoja chenye kwaya na vyombo vya kupuliza, kilichosaidiwa na mtunzi Ron Geesin, na bendi yenyewe baadaye ilikisema vibaya kuliko tunavyoona kinastahili. Wakazi wa mkoa huu wenye mifugo, kwa taarifa yenu, hulipenda jalada hilo kabla hata ya kusikia noti moja.

Lakini *Meddle* ya 1971 isirukwe kwa vyovyote, kwa sababu ya «Echoes», wimbo wa dakika 23 unaojaza upande wote wa pili. Unaanza na mlio mmoja mwembamba, kama tone linaloanguka ndani ya mtungi wenye maji kidogo. Ni Wright, akipiga noti moja ya juu ya piano iliyopitishwa kwenye spika inayozunguka, aina ya Leslie. Mlio huo unarudiwa, kimya kinaachwa katikati, unarudiwa tena, na ni baada ya muda ndipo gitaa linaingia kwa upole. Gilmour na Wright wanaimba pamoja, sauti mbili zilizokaribiana kiasi kwamba ni vigumu kusema ipi ni ya nani. Kisha wimbo unapita kwenye mdundo mzito wa katikati, na mdundo huo unazama taratibu hadi vinabaki upepo na vilio kama vya ndege wa baharini, ambavyo Gilmour alivipata kwa kuchomeka kinyume waya za kifaa cha gitaa cha kukanyaga kwa mguu.

Tulipofika hapo mara ya kwanza ilikuwa Agosti, na kila anayeishi Dodoma anajua upepo wa Agosti na vumbi lake jekundu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliinuka, akaenda kufunga dirisha, akalikuta limefungwa. Alisimama pale mkono ukiwa juu ya komeo, akageuka kutazama spika, na hakurudi kukaa hadi ule mlio wa tone uliporudi. Hatujapata njia bora zaidi ya kueleza walichokuwa wamejifunza kufikia 1971: kwamba sauti inaweza kuwa mahali, na kwamba msikilizaji anaweza kuingizwa humo bila kusukumwa.

The Dark Side of the Moon ilitofautianaje na zilizotangulia?

Ilitoka Machi 1973, na tofauti kubwa ni ufupisho. Mambo yale yale ya «Echoes», yaani nafasi, mwangwi na mabadiliko ya polepole, yalikunjwa ndani ya nyimbo za dakika chache zilizounganishwa bila kukatika, na Waters akaandika mashairi yote kwa lugha nyepesi kuhusu muda, fedha, kifo na wazimu. Walikuwa wameipiga jukwaani kwa mwaka mzima kabla ya kuitoa, kwa hiyo walipoingia studio za Abbey Road walijua wanachotaka, na fundi mitambo wa sauti, Alan Parsons, alikuwa kijana mwenye sikio la pekee. Saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa «Time» zilikuwa zake, alizokuwa amezirekodi moja moja katika duka la vitu vya kale.

Sinthesaiza, yaani chombo cha umeme kinachobuni sauti, inasikika kama injini kwenye «On the Run», ambako mfuatano mfupi wa noti ulipigwa polepole, ukahifadhiwa, kisha ukaharakishwa hadi ukawa mbio. Hata hivyo kiini cha albamu, kwa maoni yetu, ni Wright. Akodi moja (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inayoipa «Breathe» ule ulegevu wake aliisema mwenyewe kuwa aliitoa kwa mwanajazi Miles Davis. Piano ya «Us and Them» ilitungwa miaka kadhaa kabla kwa ajili ya filamu ya Michelangelo Antonioni, ikakataliwa, ikawekwa kabatini hadi ilipopata kazi. Na «The Great Gig in the Sky» ni mfuatano wake wa akodi, ambao juu yake mwimbaji Clare Torry aliitwa Jumapili moja ya Januari 1973 aimbe bila maneno. Alilipwa pauni 30 na kwenda zake. Baadaye alifungua shauri, na mwaka 2005 akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza, jambo ambalo tunaona lilichelewa mno, kwa kuwa bila sauti ile wimbo huo ungebaki kuwa akodi nzuri tu.

Albamu hiyo imeuza nakala zinazokadiriwa kuzidi milioni 45.

Kwa nini ni vigumu kupiga makofi kufuata «Money»?

Kwa sababu una mapigo saba, wakati mikono yetu imezoea manne. Hesabuni moja hadi saba na kuanza tena bila kupumzika, na wimbo utakaa sawa. Zile sauti za mwanzo, sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia fedha, ni vipande saba vya kanda vilivyokatwa kwa urefu sawa na kugundishwa kuwa kitanzi kinachozunguka. Sarafu hizo Waters alizirusha ndani ya bakuli. Waliowahi kuunga kanda ya redio kwa selotepu na kuizungusha kwa penseli wataielewa kazi hiyo kuliko kijana wa leo. Gilmour anapoingia na gitaa lake bendi inahamia mapigo manne, na ndiyo sababu watu huanza kutikisa vichwa hapo kwa hapo bila kuambiwa.

Wish You Were Here inamhusu nani?

Kwa sehemu kubwa inamhusu Barrett. Ilitoka Septemba 1975, na imefunguliwa na kufungwa na «Shine On You Crazy Diamond», wimbo wa sehemu tisa uliogawanywa mara mbili. Kabla ya gitaa, Wright anatandaza sauti ndefu za kinanda kwa dakika kadhaa. Kisha zinakuja noti nne za Gilmour, zikaachwa zikae hewani. Hakuna haraka yoyote. Tarehe 5 Juni 1975, wakati bendi ikiendelea na kazi hiyo studioni, mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi aliingia na kusimama. Wenzake wa zamani walichukua muda kutambua kwamba ni Barrett mwenyewe. Baadhi yao walilia.

Katika kikao chetu hii ndiyo albamu inayoombwa kurudiwa kuliko zote, na tunaamini ni kwa sababu kila mmoja hapa ana mtu ambaye yupo lakini hayupo.

Nimesikia Animals imetokana na Shamba la Wanyama. Ni kweli?

Ni kweli kwa mbali. Waters aliazima kutoka kwa George Orwell wazo la kuwagawa watu kuwa mbwa, nguruwe na kondoo, lakini kitabu kile, ambacho wengi wetu tulikisoma kwa Kiswahili katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere, kinaelekeza kidole kwa mapinduzi yaliyosalitiwa, ilhali albamu ya 1977 inaelekeza kidole kwa tamaa ya mali katika Uingereza ya wakati huo. Sauti yake ni kavu. Gitaa limekuja mbele, lina makali, na «Dogs» pekee ina dakika 17. Hii ndiyo albamu ya kwanza ambayo Wright hana wimbo hata mmoja aliotambuliwa kuutunga, na mwenye sikio atauhisi ukavu huo kabla ya kusoma majina kwenye jalada. Nguruwe mkubwa wa kujazwa hewa aliyepigwa picha juu ya kituo cha umeme cha Battersea mwezi Desemba 1976 alikata kamba na kupaa hadi kwenye anga la ndege za abiria, kisha akatua shambani Kent.

Je, The Wall bado ni saikedeliki?

Kwa maoni yetu, hapana. *The Wall* ya Novemba 1979 ni tamthilia ya muziki yenye vipande 26, iliyotungwa karibu yote na Waters, inayosimulia msanii anayejijengea ukuta kati yake na watu. Wazo lilimjia baada ya onyesho la Montreal, Julai 1977, ambapo alimtemea mate shabiki na kujishangaa mwenyewe. Vipande vimekuwa vifupi, sauti za redio, helikopta na walimu zimejaa kila mahali, na okestra inaongozwa na Michael Kamen. Mtayarishaji Bob Ezrin ndiye aliyewashauri waweke mdundo wa disko kwenye «Another Brick in the Wall, Part 2» na kuongeza sauti za watoto wa shule ya Islington Green. Wimbo huo ulichukuliwa na wanafunzi Weusi wa Afrika Kusini waliogomea elimu ya ubaguzi, na mwaka 1980 serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Kila tunapoupiga, wazee wa kikao hulikumbuka hilo kwanza.

Wright alisukumwa nje ya bendi wakati albamu ikitengenezwa, akabaki kupiga kwenye maonyesho kwa mshahara. «Comfortably Numb» inabaki kuwa mahali ambapo mvutano wa Waters na Gilmour ulizaa kitu ambacho hakuna kati yao angekizaa peke yake.

Baada ya Waters kuondoka, bado ilikuwa Pink Floyd?

*The Final Cut* ya 1983 haina Wright kabisa. Ni maombolezo ya Waters kwa baba yake, aliyeuawa Anzio, Italia, mwaka 1944, na hasira yake juu ya vita vya Falklands. Ina ukweli mwingi na hewa kidogo. Waters aliondoka 1985 akiamini bendi imekufa, wakaingia kwenye mzozo wa kisheria, na Gilmour na Mason wakabaki na jina. *A Momentary Lapse of Reason* ya 1987 ina mng'ao wa kidijiti wa miaka ile, na sehemu kubwa ya dramu zake ilipigwa na watu wa kukodi. Haijazeeka vizuri.

*The Division Bell* ya 1994 ni jambo jingine. Gilmour, Mason na Wright walikaa na kupiga pamoja bila karatasi, Wright akarudi kutunga, na kwenye «Wearing the Inside Out» akaimba kama kiongozi kwa mara ya kwanza tangu 1973. Sauti yake imezeeka, inatetemeka kidogo, na tunaipenda hivyo hivyo. Wanne hao, yaani hao watatu pamoja na Waters, walisimama tena pamoja mara moja tu, Hyde Park, Julai 2005. Barrett alifariki 2006 na Wright 2008. *The Endless River* ya 2014 ilijengwa kutokana na mabaki ya vikao vya *The Division Bell*, na ndani yake mnasikia hata Wright akipiga kinanda kikubwa cha mabomba cha Royal Albert Hall, kilichorekodiwa mwaka 1969. Mwaka 2022 Gilmour na Mason walitoa wimbo mmoja wa kuiunga mkono Ukraine wakiwa na sauti ya Andriy Khlyvnyuk, mwimbaji wa nchi hiyo.

Je, muziki huu una uhusiano wowote na muziki wa Wagogo?

Hakuna ushawishi wa moja kwa moja, na hatupendi kuubuni. Lakini sikio lililolelewa huku linauingia muziki huu kwa urahisi. Ilimba ya Kigogo, ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila noti iwe na mvumo juu yake, na hakuna fundi anayeuona mvumo huo kuwa kasoro. Anayeelewa hilo hahitaji kuelezwa kwa nini Barrett alitaka gitaa lake lisiwe safi. Vivyo hivyo nyimbo za Kigogo za sauti nyingi, na kazi ya marehemu Hukwe Zawose, ambaye rekodi zake zilitolewa na kampuni ya mwanaroki Peter Gabriel, zimetuzoesha kukaa ndani ya kitu kinachojirudia huku kikibadilika kidogo kidogo.

Nianze na albamu ipi?

Anza na *Meddle*, kisha *The Dark Side of the Moon*, kisha *Wish You Were Here*, halafu rudi nyuma kwa Barrett ukiwa tayari umesikia ni nani aliyekuwa akiombolezwa. Ukimaliza hapo endelea mbele. Usitumie mpangilio wa kuchanganya nyimbo kwenye simu, kwa kuwa vipande vingi vimeunganishwa na vikikatwa hupoteza nusu ya maana. Mmoja wetu aliijua *The Dark Side of the Moon* kwa miaka mingi kupitia kanda iliyonakiliwa, aliyoinunua soko la Majengo, ambayo upande wa kwanza uliisha katikati ya «The Great Gig in the Sky». Alipoisikia nzima kwa mara ya kwanza hapa kikaoni aliomba irudishwe, na sauti ya Clare Torry ilipopita pale kanda yake ilipokuwa ikikatika, alifumba macho na kuinua kidole kutuonyesha mahali penyewe.